Tulimchinjia Mbuzi Mtu Anayekwenda Kupunguzwa Tumbo

Najua nimewatupa kwa wiki kadhaa. Kazi ya gazeti ni kukimbiza habari za watu wengine, lakini safari hii habari ilikuwa nyumbani kwetu Tunduma, nikashindwa kuikimbiza na nikashindwa kuikimbia. Leo naitoa. Wale wa ukoo wangu watakaonuna na wanune. Ruhusa nimepewa na mwenyewe, mama yangu mdogo, na ameniambia niandike kila kitu isipokuwa jina lake.

Mama mdogo ni mfanyabiashara wa mpakani. Anauza mchele na vitenge, watu wa Nakonde wanamjua, madalali wanamjua, madereva wa malori wanamkopa. Kutwa nzima yuko kwenye kiti dukani. Chai na chapati zinamfuata hapohapo, mchana wali unamfuata hapohapo, jioni chipsi mayai. Ana kilo 118 na urefu wa mita 1.60. Chukua kilo, gawa kwa urefu mara urefu, unapata 46. Kwa madaktari, 30 tayari ni unene uliopitiliza na 40 ni hatari kubwa. Ana kisukari, ana presha, magoti hayamruhusu kupanda ngazi, na akilala anakoroma mpaka pumzi inakatika, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini.

Siku hizi si lazima mtu wa namna hiyo apelekwe India. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inaweka puto tumboni na inafanya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Hilo ni jambo la kujivunia na mimi silibezi. Mama mdogo akapata tarehe yake katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Ukoo ukakaa kikao, ukachanga, pesa ikatimia. Hapo nalisifu ukoo wangu.

Sasa sikilizeni tulichofanya baada ya hapo.

Daktari alikuwa amempa maagizo. Wiki mbili kabla ya upasuaji asiguse ugali, wali, sukari wala soda. Ale mboga, mayai, samaki, maharage kidogo. Atembee kila siku. Ajizoeze kutafuna taratibu na asinywe kitu wakati wa kula. Sisi tukaona huyo daktari ni mkatili. Eti mtu anakwenda kukatwa halafu ashinde na njaa? Siku nne kabla ya safari tukamfanyia sherehe ya kumuaga. Mbuzi wawili, pilau, kreti za soda, na bia kwa wanaokunywa. Sahani yake ilipakuliwa mlima. Alipojaribu kuisogeza, mjomba wangu, kaka yake mkubwa, akasema kwa sauti: "Kula mdogo wangu, huko unakokwenda hutakula tena!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Naandika hili msije mkadhani najitoa.

Alifika Dar, akapimwa. Sukari iko juu mno, ini limevimba kwa mafuta. Daktari akakataa kumpeleka chumba cha upasuaji, akampangia tarehe nyingine. Akageuza, zaidi ya kilomita 900 za basi, na magoti yale yale. Nilimpokea stendi usiku. Nikamwambia, "Shikamoo mama mdogo." Akaitikia, akakaa juu ya begi lake, akasema: "Mwanangu, wameniambia nirudi nikajiandae. Sasa nijiandae na nani?"

Wadau, hilo swali ndilo limenifanya niandike. Nijiandae na nani?

Hoja yangu leo ni fupi. Upasuaji wenyewe ni kazi ya daktari na ni ya saa chache. Maandalizi ni ya wiki na miezi, na yanafanyika jikoni, dukani na sebuleni kwa mgonjwa. Huko daktari hayupo. Huko tupo sisi. Tukiwa wajinga, tunamuua mtu wetu huku tumeshika sahani ya pilau na tunatabasamu.

Kwa nini hayo masharti? Si adhabu. Sehemu ya ini imelala juu ya mfuko wa chakula. Kwa mtu mnene ini hilo mara nyingi limejaa mafuta, limekuwa kubwa na zito. Daktari anayepitisha vifaa vyake kwenye matundu madogo lazima alisogeze ili afike anapotaka kukata. Wiki mbili za kupunguza wanga na sukari zinalisinyaza. Kutembea kunasaidia mapafu kustahimili dawa ya usingizi na kunasaidia damu isigande miguuni. Damu ikigandia mguuni inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu, na hapo ndipo watu hufa wakati kidonda chenyewe kinaendelea vizuri. Sigara inaachwa wiki kadhaa kabla, kwa sababu inachelewesha kidonda kupona. Na ule ukoromaji tunaoucheka lazima daktari aujue mapema, kwa sababu mtu anayekata pumzi akiwa amelala kitandani kwake anaweza kukata pumzi baada ya kupewa dawa ya usingizi.

Halafu kuna kesho yake. Katika upasuaji wa aina moja unaofanywa sana, karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi huondolewa. Kinachobaki ni kijifuko chembamba. Mtu aliyezoea kumeza tonge bila kutafuna, akiwahi simu ya mteja, ataanza lini kujifunza kutafuna? Wodini, akiwa na maumivu? Puto nalo hukaa miezi sita au mwaka, kutegemea aina, kisha linatolewa. Likitoka na tabia ni zilezile, uzito unarudi kama mwenye nyumba anayedai kodi. Namfahamu dereva mmoja wa malori hapa Tunduma aliyewekewa puto. Alipungua, tukampigia makofi. Lilipotolewa akarudi kwenye kitimoto na bia za kila kituo, na leo suruali zake za zamani zinambana. Hakuna aliyekaa naye chini hata siku moja kumuuliza, "Unaendeleaje?" Makofi tulimpa, rafiki hatukumpa.

Najua mtanijibu. Nawajua.

Wa kwanza mtasema: "Huu ni uvivu tu, apunguze kula, upasuaji wa nini?" Nyie ndio mnaoniudhi kuliko wote. Mwili wa binadamu si daftari la hesabu. Ukipungua kilo nyingi, mwili unapigana kuzirudisha: njaa inapanda, matumizi ya nguvu yanashuka. Upasuaji unasaidia hapo, kwa sababu sehemu inayokatwa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Wasweden walianza mwaka 1987 kufuatilia maelfu ya watu wanene, waliopasuliwa na waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walibaki wamepungua kwa miaka mingi na vifo vilikuwa vichache kwao. Kwa hiyo msimwambie mama mdogo anatafuta urembo. Anatafuta kuwaona wajukuu.

Wa pili mtasema: "Akishakatwa, kwisha habari." Haijaisha. Kuna vitamini na madini ya kumeza maisha yote. Kuna vipimo vya damu. Mwanamke anashauriwa asibebe mimba kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi. Pombe, kwa baadhi ya waliopasuliwa, inapanda kichwani haraka kuliko zamani. Kisu kinafungua mlango tu. Kuutembea ule ukumbi ni kwa miguu yako.

Wa tatu mtasema haya ni matatizo ya matajiri wa Masaki. Hebu tuangalie takwimu za taifa. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Utafiti wa 2015-16 ulikuta asilimia 28. Wakati huohuo, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 31.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano wa Songwe wamedumaa. Songwe! Mkoa wa mahindi, mpunga, maharage, kahawa na maparachichi. Mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa kupita kiasi wanaweza kulala nyumba moja na kula sufuria moja. Shida yetu si ukosefu wa chakula peke yake. Shida ni kwamba tunajua kulima kuliko tunavyojua kula.

Na kuna kundi la nne, wachekeshaji. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiongoza Muhimbili, alisema hadharani tupunguze kula hovyo. Nchi nzima ikamgeuza kichekesho. Mwaka 2025 akachaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, na sisi bado tunatumiana vichekesho vyake huku tumeshika chipsi. Unaweza kubishana naye juu ya idadi ya milo. Ila jamii ambayo jibu lake pekee kwa daktari ni kicheko, itakutana naye tena akiwa amevaa glovu.

Sasa turudi kwa swali la mama mdogo. Ajiandae na nani?

Sisi wa Tunduma hatuna haja ya kufundishwa na mgeni jibu la swali hilo. Huu ni mji wa mpaka, mji wa malori. Tunajua Ukimwi ulitufanya nini. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, vidonge peke yake havikutosha. Waliosaidia watu kuvimeza kila siku ni wenzao: waelimishaji rika, vikundi vya wanaoishi na virusi, yule jirani aliyekuja kukugongea mlango ulipokosa kliniki. Aliyepitia alimshika mkono anayepitia. Kama tuliweza kwa ugonjwa uliokuwa na aibu ile, tunashindwaje kwa unene?

Tena vikundi tunavyo! Kila mtaa una VICOBA, kila soko lina upatu. Kina mama wanakutana kila wiki, wanahesabu hisa, wanakopeshana, na katikati ya meza kuna maandazi na soda. Nani amewakataza kuondoa soda na kuweka maji? Nani amewakataza kutembea pamoja nusu saa kabla ya kufungua sanduku? Mtu anayeaminiwa na wenzake kwa mkopo wa milioni, hawezi kuaminiwa kwa siri ya kilo zake?

Na serikali nayo isijifiche nyuma ya ukoo wangu. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, una hospitali yake ya rufaa, una vituo vya afya. Nilikwenda kwenye kituo kimoja, sikitaji, nikauliza kama kuna anayeweza kumfuatilia mgonjwa anayesubiri upasuaji wa uzito. Niliambiwa mgonjwa aende Dar. Aende Dar kupimwa kilo? Aende Dar kuulizwa amekula nini? Muuguzi mmoja aliyefundishwa, mizani, kipimo cha sukari, cha presha na simu ya kuongea na daktari aliyeko Dar vinatosha kuanzia. Na siku ya kwanza ya ushauri aitwe na yule anayepika nyumbani, maana ndiye mwenye upawa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi mgonjwa anyimwe upasuaji mpaka apungue kwanza. Huo ni ukatili mwingine, kumwambia mtu anayezama ajifunze kuogelea ndipo umtupie kamba. Kila mwezi wa kusubiri ni mwezi wa kisukari kula macho na figo. Nasema asiachwe peke yake wakati anasubiri.

Mama mdogo hakusubiri serikali wala makala yangu. Amepata kwa simu mwanamke mmoja aliyeko Mbeya ambaye alishapasuliwa. Huyo ndiye anamwambia yale ambayo hakuna mtu mwingine angemwambia: kwamba nywele zilimpukutika kisha zikarudi, kwamba alitapika siku alipokula wali kwa haraka, kwamba siku ya sikukuu alilia kwa sababu wote walikuwa wanakula na yeye ametosheka kwa vijiko vinne. Mama mdogo akikata simu hiyo anaonekana ameogopa kidogo na ametulia zaidi. Na kila alfajiri, baridi iwepo isiwepo, anatoka Sogea na kina mama watatu wa sokoni wanatembea. Mwanzoni alikuwa anakaa njiani mara tano. Juzi alikaa mara mbili. Dukani kiti bado kipo, ila chapati zimepigwa marufuku, na mteja anayemletea soda anarudishiwa soda yake.

Tarehe mpya inakaribia. Jumapili iliyopita mjomba alipiga simu, anataka kujua mbuzi wa kumuaga watanunuliwa wapi. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba. Safari hii hatuchinji. Anayetaka kumuaga aje Sogea saa kumi na moja na nusu alfajiri, avae viatu vya kutembelea."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Wanatembea mpaka wapi?"

Naomba kutoa hoja.