Kidole Gumba si Ridhaa

Tuseme ukweli, ndugu msomaji. Katika hospitali zetu nyingi hapa Tanzania mgonjwa huandaliwa tumbo, moyo hauna mwenyewe. Ananyimwa chakula, anatundikiwa dripu, ananyolewa, halafu inaletwa fomu. Bonyeza hapa, mzee. Kidole gumba kinachovywa kwenye wino, basi, karidhia! Karidhia nini? Kesho yake anapapasa tumbo, anakuta kinyama chekundu kimechomoza pembeni ya kitovu, kimefunikwa mfuko. Ndipo jirani wa kitanda cha pili anamweleza kwamba haja kubwa sasa itapita hapo.

Na nduguze walijua tangu jana. Shangazi kaambiwa, shemeji kaambiwa, mwenye tumbo ndiye hakuambiwa. Eti ukimwambia utamvunja moyo, atatoroka wodini. Hoja hii naikataa. Anayetoroka anakimbia picha aliyojichorea mwenyewe gizani, kwa nusu ya maneno aliyoyadaka mlangoni. Mwonesheni huo mfuko. Autie maji kidogo, aubandike, alale nao usiku mmoja kabla ya kisu. Mwambieni kile kinyama ni utumbo wenyewe, una unyevu na wekundu kama wa ndani ya mdomo, na ukiugusa hauumi. Utakuwa umevimba mwanzoni, utanywea katika wiki 6 hadi 8. Mwambieni kama ni wa muda au wa maisha. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Yapo maswali mengine ambayo fomu haiyajui. Mama wa Tanga anataka kujua ataswali vipi. Jibu lipo miaka yote: mwenye udhuru hutia udhu kwa kila swala baada ya wakati kuingia. Sasa kwa nini akae mwaka mzima mkeka umekunjwa, akidhani Mungu kamfungia mlango? Kijana anataka kuuliza mambo ya chumbani, lakini daktari anapita na wanafunzi kumi nyuma yake, nani atafungua mdomo? Mkulima yeye kazi yake kuinama. Tundu likiangukia kwenye mkunjo wa tumbo, au pale mkanda unapopita, mfuko utabanduka kila siku. Ndiyo maana tumbo hukaguliwa mapema, mtu akae, asimame, ainame, kisha iwekwe alama kwa kalamu. Kalamu, jamani! Nayo tunangoja wafadhili?

Watanijibu kwamba utumbo uliojisokota haungoji semina. Sawa, haungoji, ingawa hata dakika tano za maneno ya kweli si semina. Lakini mwenye kansa ya njia ya haja kubwa hukaa kwenye foleni ya upasuaji wiki kadhaa. Wiki hizo zinaliwa na nini?

Huko Cleveland, Marekani, mwaka 1958, daktari mpasuaji Rupert Turnbull alimwajiri Norma Gill. Hakuwa daktari wala nesi. Alikuwa mgonjwa wake, mwenye tundu tumboni, na kazi yake ikawa kukaa na wengine wenye safari hiyohiyo. Mwaka 1961 ikaanzishwa shule ya kazi hiyo. Kwetu watu kama yeye tunao, wanauza nyanya, wanafundisha, wanakata tiketi za daladala, mfuko umo chini ya shati na hakuna anayejua. Waiteni wodini. Wapeni nauli na posho, muwawekee kiti karibu na kitanda kabla fomu haijaletwa.