Tusitafsiri Kinachoeleweka Tayari

Mkalimani hahitajiki baina ya watu wawili wanaozungumza lugha moja. Akijiingiza, atawachelewesha, atadai ujira, na yamkini atapotosha neno moja au mawili njiani. Kanuni hii inafahamika kwa kila mwanafunzi wa isimu. Hata hivyo, inavunjwa kila siku na mitambo tuliyoiweka wenyewe katika shule na nyumba zetu, na wengi wetu hatuna habari.

Chukua mfano wa Laare, mji wa Igembe Kaskazini katika vilima vya Nyambene, Kaunti ya Meru. Huko, kama kwingineko nchini, video imekuwa chombo cha kufundishia. Mpango wa serikali wa mwaka wa 2016 wa kupeleka vishikwambi katika shule za msingi uliambatana na projekta na seva, yaani tarakilishi ya kuhifadhi masomo na kuyasambaza darasani bila waya. Kisha shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, wazazi nao walitambua faida ya masomo yaliyorekodiwa. Leo familia yenye tarakilishi kuukuu inaweza kuigeuza kuwa seva ya nyumbani: masomo na filamu huwekwa humo mara moja, na runinga na rununu za nyumba nzima huvitazama bila kununua data. Kwa mzazi anayehesabu kila shilingi, hilo ni jambo la kupongezwa.

Lakini kuna malalamiko. Mtoto wa kwanza akifungua somo, mambo huwa shwari. Akifungua wa pili, feni ya seva huanza kunguruma. Akifungua wa tatu, picha hukwama na mwalimu aliye kwenye video hubaki kinywa wazi. Hukumu hutolewa papo hapo: mashine ni dhaifu, inunuliwe kubwa zaidi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Maoni yangu ni kwamba, aghalabu, mashine haina kosa. Imetwishwa kazi ya ukalimani ambayo haikuhitajika.

Tuanze na istilahi ili tuelewane. Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka wa 2015, kaya nyingi zililazimika kununua king'amuzi. Neno hilo tulilipokea bila kulitafakari, ilhali limebeba elimu yote tunayoihitaji hapa. Kung'amua ni kutambua maana iliyofichika. Picha za video hazihifadhiwi jinsi zilivyo, maana zingejaza diski kwa muda mfupi. Husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa msimbo uliobanwa, kisha chombo cha mtazamaji huung'amua. Misimbo hiyo ni kama lugha. Upo H.264 wa mwaka wa 2003, ambao karibu kila rununu na runinga ya leo inaufahamu. Upo H.265 wa mwaka wa 2013, ambao hubana zaidi lakini haujulikani na vyombo vingi vya zamani. Sauti nayo ina misimbo yake, mathalani AAC.

Video inapoombwa, kwanza huangaliwa iwapo chombo kinachoiomba kinaufahamu msimbo wake. Kikiufahamu, seva husoma faili na kuituma kama ilivyo, kazi ambayo hata tarakilishi ya zamani huimudu. Kisipoufahamu, seva hulazimika kuing'amua kila picha na kuisimba upya kwa msimbo mwingine, papo kwa papo, huku mtazamaji akingoja. Huko ndiko kutafsiri ninakokusema.

Hapa hatuna budi kutenganisha zao na kifungashio chake. Wakulima wa Nyambene hufunga miraa kwa majani ya mgomba ili isinyauke njiani. Majani yakichanika, huwekwa mengine na miraa hubaki ile ile. Faili za video pia zina vifungashio, kama vile MP4 na MKV. Chombo kikikataa kifungashio tu, seva yaweza kukibadilisha bila kuigusa picha, na kazi hiyo ni ndogo, haina hasara. Taabu huja zao lenyewe linapotwangwa upya, ilhali lililokataliwa ni majani.

Uzito wa kazi hiyo tuupime kwa hesabu. Somo la dakika 40 lenye picha 25 kwa sekunde lina picha 60,000. Picha yenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Hivyo basi, seva inayotafsiri huzing'amua nukta zipatazo milioni 52 kila sekunde, kisha huzisimba tena. Wanafunzi watatu wakifungua masomo matatu tofauti, mzigo huongezeka mara tatu. Anayetumia umeme wa jua ataona betri ikishuka mapema, na anayelipia tokeni ataona zikiyeyuka, kwa kazi isiyomwongezea mwanafunzi hata herufi moja.

Fauka ya gharama, kuna hasara ya yaliyomo. Walimu wa rika langu wanazikumbuka kanda za VHS, jinsi nakala ya nakala ilivyofifia hadi nyuso zikawa vivuli. Faili ya kidijitali haifi hivyo. Inakilini mara mia na itabaki ile ile. Lakini kunakili si kusimba upya. Misimbo tunayoitumia hubana kwa kutupa yale ambayo waliyoiunda walikadiria kwamba jicho au sikio halitayakosa. Kusimba upya ni kutupa tena kutoka katika mabaki. Maji yakimwagika hayazoleki: hakuna programu itakayoirudisha picha ya awali kutoka katika nakala iliyopungua. Na kinachotangulia kupotea ni mambo madogo madogo, kama nukta ya desimali ubaoni au kipeo kidogo juu ya namba. Mwalimu wa hisabati anajua gharama ya kuikosa nukta hiyo.

Kwa mwalimu wa lugha, hatari ipo masikioni. Vikwamizo kama /s/, /f/ na /th/ hutofautishwa kwa kiasi kikubwa na masafa ya juu ya sauti. Simu za zamani zilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na ndiyo maana tulipotaja jina kwenye simu tulilazimika kulitaja herufi kwa herufi. Sauti inapobanwa kupita kiasi, masafa hayo ya juu huwa miongoni mwa yanayotangulia kukatwa. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Laare ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimeru, na ambaye anafunzwa kwa video tofauti ya thamani na samani. Tofauti yenyewe i katika kikwamizo kimoja. Kikififishwa, tutamlaumu mtoto kwa athari za lugha mama, kumbe aliyemkosesha ni mkalimani wa seva.

Mgala muue na haki mpe. Kutafsiri kuna siku yake. Mzazi aliye safarini, akitaka kutazama somo kupitia mtandao wa simu unaosuasua, anahitaji video iliyopunguzwa. Runinga ya zamani isiyojua msimbo mpya inastahili kusaidiwa. Tena kuna vichakato vyenye sehemu maalumu ya kufanya kazi hii, ambayo hupunguza joto na matumizi ya umeme, ingawa haiondoi hasara ya ubora. Ninachokipinga ni kutafsiri kunakofanyika kwa mazoea, ndani ya nyumba moja, baina ya vyombo vinavyoelewana.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuchunguze kabla ya kununua. Programu za seva kama Jellyfin na Plex zina ukurasa wa msimamizi unaoonyesha iwapo video inachezwa moja kwa moja au inasimbwa upya. Mwalimu autazame ukurasa huo darasa likiendelea. Atajua ugonjwa kabla ya kutafuta dawa.

Pili, tuwe na lugha ya pamoja. Masomo tunayoyarekodi wenyewe yahifadhiwe kwa picha ya H.264 na sauti ya AAC, katika kifungashio cha MP4. Video iliyo katika msimbo usioeleweka na vyombo vyetu itafsiriwe mara moja tu, kutoka katika nakala asilia, usiku ambapo hakuna anayengoja, na asilia yenyewe isifutwe. Somo la dakika 40 lililosimbwa kwa megabiti 1.5 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 450. Diski ya kawaida itabeba mamia ya masomo kama hayo.

Tatu, tukague mipangilio ya rununu na vishikwambi. Mara nyingine programu ya mtazamaji imewekwa kuomba ubora wa chini hata ikiwa seva iko chumba cha pili. Ndani ya nyumba au shule, ombeni ubora asilia. Na kivinjari kikiikataa video, jaribuni kwanza programu kama VLC, ambayo hufahamu misimbo mingi, kabla ya kuibadilisha faili.

Nne, maandishi yanayoonekana chini ya picha yawe katika faili ya matini, kama SRT. Maandishi yaliyohifadhiwa kama picha mara nyingi huilazimisha seva kuyachora juu ya kila picha ya video, na hapo kutafsiri hakuepukiki. Vivyo hivyo, anayemtumia mwenzake somo kwa WhatsApp alitume kama hati. Likitumwa kama video ya kawaida hubanwa upya kabla ya kufika.

Wanafunzi wa vyama vya tarakilishi wanaweza kuifanya kazi hii kwa alasiri moja: kuorodhesha video za shule, msimbo wa kila moja, na vyombo vinavyoufahamu. Orodha hiyo haigharimu chochote ila muda. Walimu wakuu nao, kabla ya kutia sahihi hundi ya seva mpya, wadai kuiona. Ikionyesha kwamba mashine iliyopo inatosha, fedha hizo zina matumizi mengine. Bado kuna madarasa ambamo kitabu kimoja kinapiganiwa na wanafunzi watatu.