Kabla ya Kumlipia Binti Ada ya Chuo cha Urembo



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, sisi walimu wa madrasa hapa Mombasa huulizwa: je, yafaa binti wa Kiislamu kusomea ususi na urembo? Wapo wazazi wanaotaka tuseme ni haramu ili mjadala uishe nyumbani. Wapo walioshalipa ada, wanataka dua tu.

Rai yetu ni kuwa kazi hii yenyewe haina ubaya. Mwanamke ameruhusiwa kujipamba ndani ya mipaka, na anayempamba anachuma halali. Pwani yetu imejua kumsinga bi harusi kwa liwa na kumpaka hina tangu zama za mabibi zetu. Basi la kuulizwa ni chuo gani, na humo anafundishwa nini.

Kwanza ni cheti. Chuo cha ufundi nchini Kenya hutakiwa kisajiliwe na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Msitosheke na bango la barabarani. Ombeni kuona hati ya usajili. Kisha ulizeni binti atafanya mtihani wa nani. NITA, kwa mfano, huwatahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza. Cheti alichojichapishia mwenye chuo hakina uzito huo, na mwaka wa binti haurudi. Ulizeni pia kama ada ya mtihani na vifaa vimo katika hesabu, au mtadaiwa tena baadaye.

Pili ni dawa, na hapa wengi wetu hatuulizi kabisa. Hina halisi ni majani, nayo hutoa rangi ya machungwa iliyoiva hadi kahawia. Ile nyeusi ti, tunayoiita piko, kwa kawaida ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Iliwekwa kwa ajili ya nywele, si kwa ngozi. Huweza kuleta malengelenge na makovu, na aliyedhurika mara moja huenda akadhurika kila akigusa rangi ya namna hiyo. Baadhi ya krimu za kung'arisha uso zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Dawa nyingi za kulainisha nywele huunguza kichwa zikikaa kupita muda wake. Chuo kizuri humfundisha mwanafunzi kuvaa glovu, kusoma maandishi ya chupa, na kujaribu rangi ya nywele mahali padogo saa 48 kabla ya kuipaka. Chuo kisichofundisha haya kinamtoa fundi wa kudhuru watu, na dhima ya mteja itakuwa shingoni mwake.

Tatu ni mipaka ya dini. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amewalaani wenye kuunga nywele, kuchanja chale na kunyonyoa nyusi, anayefanya na anayefanyiwa. Nyusi hutindwa karibu kila saluni, na kuunga nywele ni somo la kila chuo. Basi ulizeni mapema: je, mwanafunzi anaweza kuchagua masomo? Je, atalazimishwa kuwahudumia wanaume? Hijabu yake itaheshimiwa? Wanazuoni wana tafsili katika baadhi ya mambo haya, kwa hiyo muulizeni sheikh wenu kabla ya kulipa.

Nanyi mabinti, msione maswali haya ni kikwazo. Fundi anayejua hina, singo, kusuka na kutunza ngozi, katika chumba cha wanawake watupu, hakosi wateja miji yetu hii. Wako akina mama wengi wasioingia saluni kwa sababu tu mlango uko wazi kwa kila mtu.

Wazazi, nendeni chuoni pamoja na binti, mkaulize yote haya akisikia. Kumkatalia bila sababu si malezi, na kumlipia bila kuuliza pia si malezi.

Wabillahi tawfiq.