Binti Asiye na Siku za Kulipa

Mwezi wa Shawwal uliopita, baada ya darsa ya wanawake hapa Pumwani, mama mmoja alibaki nyuma. Akasema, "Maalim, binti yangu hana siku za kulipa." Tukamjibu kwa haraka kwamba hiyo ni neema. Akatutazama. "Msichana wa miaka 17, Maalim? Mwezi mzima bila ya udhuru hata siku moja?"

Hapo aibu ikatushika. Binti huyo ndiye tuliyekuwa tukimsifu mbele ya wenziwe kwa kufunga kila Jumatatu na Alhamisi. Kumbe hedhi imekatika kwa njaa. Hufuturu kwa tende moja, husema ameshiba. Na ajabu, jikoni yeye ndiye mpishi: huchoma kaimati, huwapakulia wadogo zake, mwenyewe haonji.

Madaktari huuita ugonjwa huu anoreksia. Katika mitaa yetu, tangu Majengo hadi Eastleigh na Buruburu, husemwa ni maradhi ya Wazungu, au ni kijicho, au ni ukaidi. Sisi tulianza kwa kumsomea, wala hatujuti. Lakini kisomo hakiondoi haja ya chakula.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, nao hutumia yapata moja ya tano ya nguvu zake. Ukinyimwa, hupungua. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walilinganisha picha za ubongo zinazokaribia 2,000, za wagonjwa na za wazima. Waliona upungufu wa ubongo wa wagonjwa hawa ni mkubwa kuliko ule wa maradhi kadhaa mengine ya akili. Kwa walioanza kupona, upungufu ulikuwa mdogo zaidi.

Na ule upishi wa binti? Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya, kwa ridhaa yao, walipunguziwa chakula kwa miezi 6. Wakawa wenye huzuni na hasira, wakajitenga, wakasoma vitabu vya mapishi usiku na mchana. Njaa ndiyo iliyowageuza. Basi mama anayemgombeza bintiye ale, anaisemesha akili ambayo yenyewe ina njaa.

Chakula ndicho dawa ya kwanza, ila kwa usimamizi wa daktari. Aliyedhoofu sana akilishwa ghafla, madini ya damu huvurugika, na moyo waweza kusimama. Jina la Mathari, ile hospitali ya Thika Road, huwatisha wengi. Wazazi hawa pia liliwatisha, nasi tukafuatana nao.

Sheria iko wazi. Suratul Baqara, aya ya 185, yampa mgonjwa ruhusa ya kula. Na akihofiwa kuangamia, kufunga ni haramu kwake. Tulimwita pamoja na wazazi wake, tukamwambia, "Mwanangu, tulikosea kukusifu. Ibada yako leo ni kula." Alilia sana.

Sasa hunywa uji mbele ya mamake, siku nyingine kikombe kizima, siku nyingine nusu. Ramadhani yakaribia, naye ametuuliza kama atafunga. Tumemwambia amuulize daktari wake kwanza, kisha atujie.