Maji ya rejeta yasimwagwe uani

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi wetu wenye magari tunalifanya majumbani bila kulifikiria sana: kubadili maji ya rejeta.

Sina ugomvi na mtu anayejifanyia kazi hiyo mwenyewe. Kila nipandapo mlima Kitonga nayaona magari yamesimama kando ya barabara, boneti ziko wazi na mvuke unafuka. Mengine yana ubovu mkubwa, lakini mengi yamejazwa maji ya kisima au ya mtoni mwaka baada ya mwaka. Chumvi imegandana ndani ya mirija ya rejeta, kutu imekula pampu ya maji, na siku ya mlima ndipo injini inapochemka na hedi kupinda. Vipuri hivi twaviagiza kutoka nje kwa fedha za kigeni. Anayebadili maji ya gari lake kwa wakati anajiokolea fedha zake, na za taifa pia.

Kazi yenyewe haihitaji chuo. La kwanza ni subira: injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa wakati wa moto, maji yaliyobanwa humo huruka usoni, na wapo walioungua vibaya kwa haraka ya dakika tano. Gari likiwa mahali tambarare, weka beseni chini, fungua koki ya rejeta, kisha mfuniko wa juu ili maji yashuke upesi. Suuza kwa maji safi mpaka yatoke bila uchafu, halafu funga koki.

Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, nyingine huuzwa ikiwa imekwisha changanywa. Nyingine huchanganywa na maji, mara nyingi nusu kwa nusu. Soma maandishi ya chupa na kitabu cha gari, wala usitegemee rangi. Maji ya kuchanganyia yawe yale yaliyokenekwa, si ya bomba wala ya kisima. Mimina polepole, washa injini mfuniko ukiwa wazi ili hewa itoke, nawe ukae mbali kidogo. Kina kikishuka, ongeza, kisha funga. Kesho yake, injini ikiwa baridi, tazama tena.

Hayo wengi wanayajua. Lakini kuna swali ambalo hatujiulizi: yale maji ya zamani yaliyo katika beseni yanakwenda wapi?

Nakiri kosa langu mwenyewe. Siku moja niliacha beseni hilo uani nikaingia ndani kula. Niliporudi nilimkuta mbwa wa jirani yangu akinywa, nami nikamfukuza nikicheka. Jioni mbwa yule alianza kupepesuka kama mlevi. Siku ya tatu alikufa. Nilimlipa jirani, na yeye alinisamehe. Lakini usingizi ulinipaa kwa jambo jingine: mahali pale pale nilipoweka beseni ndipo mjukuu wake wa miaka mitatu huchezea kila asubuhi.

Kulanti nyingi zina kitu kiitwacho ethilini glaikoli. Ni tamu, na rangi yake ya kijani au nyekundu hufanana na sharubati. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu figo, na kiasi kidogo tu chatosha kumwua mtoto. Aliyeinywa akimbizwe hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, kwa sababu tiba ipo lakini haingojei. Na maji yaliyotoka katika injini kuukuu huwa pia na risasi na madini mengine, ambayo hayafai kuingia mferejini wala kwenye bustani ya mchicha.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, sisi wenye magari tusitoke kwenye beseni hata kwa dakika moja. Maji ya zamani tuyatie katika dumu lenye kifuniko, tuliandike kwa herufi kubwa kwamba ni sumu, na tulifungie mbali na watoto. Kamwe tusitumie chupa ya soda wala ya maji ya kunywa.

Pili, naziomba halmashauri zetu za miji na wilaya zitenge mahali pa kupokea madumu hayo pamoja na oili chafu, na ziwatake wenye gereji wafanye hivyo hivyo. Mwananchi hawezi kulaumiwa kwa kumwaga ovyo iwapo hajaonyeshwa pa kupeleka.

Mbwa nililipa. Mtoto ningelipa kwa nini?

Dereva wa Siku Nyingi,
Iringa.