Barua ya Mswada Si Ombi la Kazi

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Kwa mwandishi chipukizi anayetaka kuchapishiwa riwaya au mkusanyiko wa hadithi fupi, lele hiyo ni barua anayoiambatisha na mswada wake. Ajabu ni kwamba wanafunzi wa fasihi, wajuao kumchambua mhusika hadi undani wa nafsi yake, aghalabu hushindwa na barua hiyo.

Chanzo ni mazoea. Barua rasmi tuliyofunzwa sekondari ni ya kuomba kazi: anwani mbili, tarehe, "KUH:", kisha unyenyekevu na orodha ya vyeti. Chuoni tukaongezewa uhakiki. Basi mhariri hupokea ukurasa unaodai kwamba riwaya inashughulikia maudhui ya ufisadi, ukabila na nafasi ya mwanamke. Ni riwaya ngapi zetu zisizoyashughulikia hayo? Mwingine huongeza kuwa kazi yake inafaa kutahiniwa. Huyo ameuwaza mtihani kabla ya kumwaza msomaji.

Kwa maoni yangu, barua na ieleze kisa. Tuseme riwaya inamhusu mwalimu mstaafu wa Kitui anayegundua kuwa shamba alilolinunua kwa kiinua mgongo chake lina hati mbili, na hati ya pili ina jina la mwanawe. Sentensi hiyo yatosha kumfanya mhariri aifungue sura ya kwanza; ufisadi atauona mwenyewe. Kisha tutaje msomaji tunayemlenga, idadi ya maneno, na iwapo mswada umepelekwa kwingine. Ukurasa mmoja watosha.

Wapo watakaosema kizuri chajiuza. Naam, ila chajiuza kikiwa sokoni. Mswada ungali bahashani. Wengine watasema mchapishaji hana budi kuzifikiria shule, maana huko ndiko waliko wanunuzi wengi. Hilo sipingi, lakini hesabu hiyo aijua kutushinda. Letu ni kumwonyesha hadithi. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, ilikuja kutahiniwa shuleni. Hata hivyo, wasomaji wanachokikumbuka ni safari ya Kongowea Mswahili kumtafuta babake, si orodha ya maudhui.

Tukishindwa kuisimulia riwaya yetu kwa sentensi tatu, yamkini dosari haimo baruani bali mswadani. Heri tuigundue sisi kabla ya mhariri.