Likizo ya Askari: Kumtafuta Faru wa West Nile

Askari arudipo Koboko kwa likizo, watoto humdai mambo mawili: nguo mpya na safari. La kwanza humalizika kwa siku moja katika soko la Arua. La pili lataka kufikiriwa, kwani mshahara wa askari haukukatwa kwa kipimo cha watalii.

Hata hivyo njia ipo. Kutoka Koboko hadi Arua ni kiasi cha kilomita 55. Kisha barabara hupitia Nebbi hadi daraja la Pakwach. Si mbali na ng'ambo ya daraja ndipo lilipo lango la Tangi la Mbuga ya Taifa ya Murchison Falls. Afikaye hapo alfajiri huwaona twiga, nyati na kongoni kabla jua halijakaza. Naye abiria wa basi, akijaliwa bahati, humwona tembo kando ya barabara kuu bila kulipa kiingilio. Mama wa nyumba na afungashe mihogo ya kuchemsha, karanga na maji ya kutosha. Nguo za buluu na nyeusi ziachwe nyumbani, maana mbung'o huzipenda mno.

Lakini mtoto wa West Nile ataulizia mnyama mmoja asiyeonekana katika mbuga hiyo: faru mweupe. Ana haki ya kuuliza. Rhino Camp, ukingoni mwa Nile, maana yake ni kambi ya faru. Mwaka 1910, nchi hiyo ikiwa ingali sehemu ya Lado, Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipiga kambi hapo pamoja na mwanawe Kermit, wakaua faru tisa kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Faru huyo si mweupe hata kidogo, ni wa kijivu. Alama yake ni mdomo mpana, ambao kwao hukata nyasi kama ng'ombe, hali mwenziwe mweusi huchuma majani ya vichaka kwa mdomo uliochongoka. Kwa kuwa hupenda uwanda wa majani na ni mpole, kumpiga risasi hakukuhitaji ushujaa.

Walikuwako waliomlinda. Hifadhi ya Ajai, karibu na Nile, ina jina la chifu aliyewatunza. Mlima Kei nao, mpakani mwa Sudan Kusini, ulitengwa kuwa makimbilio yao. Katika miaka ya 1960 baadhi yao walikamatwa na kuvushwa hadi Murchison Falls wapate usalama zaidi. Usalama huo haukudumu. Vita vya 1979 na machafuko yaliyofuata vilisambaza bunduki kila mahali, na mnamo 1983 Uganda ilikuwa imempoteza faru wake wa mwisho wa porini.

Hapa baba askari hana budi kusema kweli: baadhi ya bunduki hizo zilikuwa za serikali, mikononi mwa watu waliovaa sare. Nyumba nyingi za Koboko zilitoa askari miaka ile, na swali la mtoto huweza kumfikia babu aliyeketi kimya barazani.

Dume la mwisho la ukoo huo wa kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, mwezi Machi 2018. Wakabaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu.

Hata hivyo, faru anaweza kuonekana. Basi la Arua kwenda Kampala hupita Nakitoma, karibu na Hifadhi ya Faru ya Ziwa. Mwaka 2005 waliletwa wanne kutoka Kenya, na 2006 wawili kutoka Marekani. Hao ni wa ukoo wa kusini. Ndama wa kwanza alizaliwa 2009. Kwa kuwa baba alitoka Kenya na mama Marekani, akaitwa Obama. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda nayo ilikwisha kutangaza mpango wa kuwarudisha faru Ajai.

Ziwa wageni huwafuata faru kwa miguu wakiongozwa na mlinzi, na huyo ndiye kamanda, hata mgeni awe sajini. Kitambulisho kisisahauliwe, kwani raia hulipa kidogo kuliko wageni wa ng'ambo. Na babu akatiwe tiketi yake.